Sura ya Sita: Majivu ya Bujonde

Majivu yalikuwa yamesimama.

Hilo ndilo lililomfanya Sajenti Hosiana apige magoti kwa mara ya pili kwenye sakafu ya chumba cha marehemu, kijijini Bujonde. Jiko lilikuwa pale pale lilipokutwa, hatua mbili kutoka kitandani alikofia mzee Anyelwisye. Lilikuwa moja ya majiko ya serikali: mwili wa udongo, koti la bati kwa nje, na maandishi meupe yaliyopigwa kwa brashi, JIKO BILA MOSHI. Pumba za mpunga zilikuwa zimeungua ndani yake mpaka chini, zikaacha ukuta mnene wa majivu, na katikati ya ukuta huo tundu la mviringo lililonyooka kutoka juu hadi kwenye kimlango cha jiko. Hakuna mahali lilipomeguka.

Hosiana alilala kifudifudi, akaweka penseli yake juu ya mdomo wa tundu bila kuyagusa majivu, akaikata alama kwa ukucha pale upana ulipoishia.

"Unapima nini, afande? Kaburi?"

Aliyeuliza alikuwa Tuntufye, mtoto wa pekee wa marehemu, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka. Aliegemea mwimo wa mlango, ndevu za siku tatu kidevuni. Nyuma yake mvua ya Aprili ilikuwa ikichuruzika kwenye migomba, na kutoka nyumba ya jirani kilio cha mtoto mchanga kilikuja, kikakatika, kikaja tena.

"Napima tundu," Hosiana alisema. "Kreti zile za chupa pale stoo ni za nani?"

"Zangu. Naleta soda na bia kutoka ng'ambo. Biashara ni huria siku hizi, au nyie polisi hamjaambiwa?"

"Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Karonga. Nimesema mara nne."

"Sema ya tano."

Tuntufye alitoa mfukoni hati ya kuvukia mpaka, imelowa pembeni, akamkabidhi kwa mkono mmoja kama mtu anayelipa faini. Mihuri ilikuwa miwili: kutoka Jumatano asubuhi, kuingia Alhamisi saa moja asubuhi. Hosiana hakuhitaji kuisoma. Jana yake alikwenda mpakani mwenyewe, na ofisa wa zamu akamthibitishia kwamba daraja hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kwamba Tuntufye alilala upande wa pili. Alitaka tu kuuona uso wake akiitoa.

"Ulikuwa unagombana na baba yako."

"Kila siku. Kuhusu kakao, kuhusu kanisa, kuhusu sauti ya redio. Unataka kunifunga kwa redio?"

"Na mkeo? Ukoo unasemaje?"

"Ukoo unasema ameua, nimrudishe kwao wakimwachia." Alitazama upande wa kile kilio. "Mimi nasema mtoto ana miezi minne, anapewa uji wa ndizi na anautapika."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumatano, mvua kubwa ikinyesha, mzee Anyelwisye alijifungia chumbani kwake mapema kwa sababu ya kifua. Dirisha alikuwa ameliziba kwa ubao tangu mvua zianze. Alhamisi asubuhi mwanawe alimkuta amekufa. Daktari wa wilaya hakuona jeraha wala sumu tumboni. Aliandika kwamba mzee aliuawa na hewa chafu ya moto unaofukuta mahali pasipo na upenyo. Ingekuwa ajali, na ingezikwa kama ajali, isingekuwa gunia. Lilikutwa limekunjwa na kubanwa barabara chini ya mlango, kwa nje. Mtu hajibanii gunia akiwa ndani.

Waliokuwapo nyumbani jioni hiyo walikuwa wawili tu, marehemu na Rut, mke wa Tuntufye. Halafu akaja shahidi. Bwana Erasto, afisa wa mradi wa nishati ya nyumbani, alijileta kituoni mwenyewe kuandikisha maelezo: alikuwa akipita na mwavuli wake saa moja jioni, akamwona Rut amebeba jiko linalowaka kutoka jikoni, akavuka nalo uwanja, akaingia nalo kwa mzee, akatoka mikono mitupu na kufunga mlango. Rut akakamatwa ziwa likiwa mdomoni mwa mtoto.

Leo ilikuwa Jumamosi. Saa kumi alasiri gari lingempeleka mahabusu Mbeya. Kesi ya mauaji haina dhamana, na Hosiana aliwajua wanawake waliokaa Mbeya miaka minne wakisubiri tu kuitwa majina.

"Mkeo aliwahi kuingia chumba hiki?" aliuliza.

Tuntufye alicheka, kicheko kikavu kisicho na raha. "Chumba cha mkwe wake? Wewe ni Mnyakyusa wa wapi, afande?"

"Wa Tukuyu. Najua jibu. Nataka uliseme wewe, niandike."

"Hajawahi. Miaka saba. Chakula alikiweka kizingitini, anapiga makofi, anazunguka nyuma. Baba alipotoka kukichukua, yeye keshafika kwenye migomba."

Mila hiyo ya mkwe nyumba nyingi zilikuwa zimeanza kuilegeza. Wachungaji walihubiri, wasomi walicheka, na wake wa mjini walikaa meza moja na baba wakwe zao. Lakini kwa mzee Anyelwisye mambo yalikuwa bado. Mke wa mwana hakumtazama mkwe usoni, hakulitaja jina lake, hakukanyaga alipoketi. Nyuma ya nyumba palikuwa na kijia chembamba kilichochongwa na nyayo za mtu mmoja, ili Rut asipite barazani.

Asubuhi hiyo Hosiana alikuwa amemweleza yote haya Inspekta Jubilate, mkuu wa upelelezi wa wilaya, mtu wa Same aliyekuwa na mwaka mmoja Kyela. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Anayetaka kuua haiombi mila ruhusa." Mila haikutosha. Hosiana alihitaji kitu ambacho hata mtu wa Same angeweza kukishika mkononi.

Akalifunika jiko kwa beseni, akamwachia mgambo amri kwamba hata kuku asilisogelee, akapanda Landrova kwenda Lyulilo. Mtu wa kumuuliza habari za jiko ni yule aliyelifinyanga.

* * *

Soko la Lyulilo lilikuwa limejaa licha ya mvua. Milima iliteremka mpaka majini na mitumbwi ya Ikombe ilikuwa imeburuzwa mchangani, vyungu vimefungwa kwa nyasi vikitolewa kimoja kimoja kama watoto wanaoshushwa kitandani. Mama Veronika, mfinyanzi aliyepewa kazi ya kutengeneza majiko ya mradi, alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa akila samaki wa kukaanga.

"Polisi mmeanza kununua vyungu?" alisema. "Au mmekuja kuvikamata?"

"Ugonile, mama," Hosiana alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Aa! Kumbe mtoto wa watu. Kaa, mwanangu. Usikalie hicho, kina ufa, kitakung'ata."

Hosiana aliketi mchangani. Hakutaja jina la mtu. Alieleza jiko tu, na majivu, na tundu. Mama Veronika aliacha kutafuna.

"Tundu limesimama? Lote?"

"Lote."

"Basi jiko hilo halikubebwa."

"Kwa nini?"

Mfinyanzi alifuta vidole kwenye khanga, akaburuta jiko jipya mbele yake. "Tazama. Unasimamisha chupa katikati. Kijiti unakipitisha hapa, kwenye kimlango, kiguse chupa. Halafu unamimina pumba na kushindilia. Kiganja, unashindilia. Kiganja, unashindilia. Likijaa, unavuta chupa polepole, unavuta kijiti, tundu linabaki. Unawasha kwa chini. Moto unakula pumba kutoka tunduni kwenda nje, hakuna moshi, unapika maharage mpaka yaive. Lakini ukilinyanyua tu, ule ukuta unakaa chini. Moto unazikwa. Hapo ndipo utaujua moshi."

"Hata likibebwa polepole?"

"Hata ukibebwa wewe pamoja na jiko lako."

"Na kabla halijawashwa?"

"Pumba ni utelezi mtupu, mwanangu. Hatua kumi, tundu limeziba. Ndiyo maana mwanamke analishindilia palepale anapopikia. Nusu saa nzima amechuchumaa, mgongo unalia."

Hosiana alitoa penseli, akamwonyesha alama. "Tundu lilikuwa pana hivi."

"Hiyo ni chupa."

"Wanawake wa Bujonde wana chupa?"

"Chupa ni za bwana mradi, kwenye semina zake. Mwanamke mwenye akili anatumia mwanzi mwembamba, pumba zidumu. Tundu pana linakula haraka, linapendeza kwa wageni." Alikunja uso. "Ni jiko la nani hilo?"

"La mzee Anyelwisye."

Mama Veronika aliweka jani la samaki chini. Aliitazama mitumbwi, akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama Hosiana:

"Alikuja hapa Jumamosi iliyopita. Aliketi hapo ulipoketi. Akaniuliza, 'Ni udongo wako uliowaua watoto wa Njisi?'"

"Watoto gani?"

"Wawili, wa nyumba ya Aliko. Mwezi wa pili. Baridi ya mvua, mama yao akawalaza na jiko la mradi chumbani, mlango umefungwa. Asubuhi hawakuamka. Bwana Erasto akaandika malaria kwenye taarifa yake. Jiko akaniletea mimi kwa gari la serikali, akaniambia lina kasoro, nilivunje."

"Ukalivunja?"

"Nililivunja." Alilisukuma kando lile jiko jipya. "Nilidhani ni mkono wangu umekosea. Nilifinyanga nikilia mwezi mzima. Mzee ndiye aliyenifungua macho. Alisema, 'Si udongo, ni mafundisho.' Kwenye semina wanaambiwa: halina moshi, halina madhara, laleni nalo, litawapasha. Alikuwa amepanga kumwambia mgeni wa wizara anayekuja kukagua mradi, mbele ya watu wote."

"Mgeni anafika lini?"

"Jumatatu. Nyumbani kwa mzee. Si ndiyo nyumba ya mfano ya mradi?"

* * *

Saa saba na nusu Hosiana alikuwa mbele ya nondo za selo ya Kyela. Rut alikuwa ameketi sakafuni, binti wa miaka ishirini na mitano hivi, khanga yake imelowa kifuani kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Alisimama haraka alipomwona, akashika kifua kwa maumivu.

"Mwanangu?"

"Nimemsikia. Analia kwa nguvu." Hilo lilikuwa kweli, na ndilo pekee zuri alilokuwa nalo. "Rut, nijibu bila kuogopa. Kitanda cha mzee kimeelekea wapi?"

"Sijui, dada."

"Sakafu ni ya saruji au ya udongo?"

"Ya... udongo?" Alitikisa kichwa. "Sijui. Nitajuaje?"

Ilikuwa ya saruji. "Jumatano jioni ulimpelekea chakula?"

"Wali na samaki mbasa. Niliweka kizingitini, nikapiga makofi."

"Alitoka?"

"Sikuona. Lakini alikuwa na mgeni."

Hosiana alisogea mpaka nondo zikagusa kofia yake. "Hukusema hilo kwenye maelezo."

"Aliyeandika aliniuliza umebeba hukubeba. Nikasema sikubeba. Akasema unabisha."

"Mgeni gani?"

"Sikumwona, dada. Mgeni amekaa na mkwe, mimi nitachunguliaje? Na mvua ilikuwa inapiga bati, sauti sikuitambua. Nilisikia kitu kinashindiliwa. Tu, tu, tu. Muda mrefu. Nikadhani wanatengeneza kitanda. Nikazunguka nyuma, nikaenda kumlaza mtoto."

Yaani aliyefanya kazi ile alijichagulia nyumba ambayo shahidi wake pekee alikuwa amefunzwa tangu siku ya harusi asitazame upande ule. Wala hakujua bahati yake. Angeijua, asingeandika maelezo aliyoandika.

Hosiana alikwenda kwa Inspekta Jubilate. Alimkuta na sahani ya wali, jalada la Rut limefungwa kwa kamba tayari kwa safari. Hakumweleza habari za majivu wala za Lyulilo. Afisa aliyetia saini maelezo ya uongo huyatetea kama ya mama yake mzazi. Afadhali aukute uongo mwenyewe njiani.

"Afande, lile jiko uliloahidiwa na Bwana Erasto. Nimemwagiza Koplo Eliya akamwambie alilete leo, saa nane na nusu, akuonyeshe linavyowashwa."

Uso wa Inspekta ulichanua. "Mke wangu amenichosha na bei ya mkaa. Vizuri sana, Sajenti. Na mahabusu wako wa Mbeya yuko tayari?"

"Saa kumi haijafika, afande."

* * *

Bwana Erasto alikuja na jiko, nusu gunia la pumba na begi lake la ngozi. Alikuwa kijana nadhifu wa kutoka mkoa mwingine, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Mvua ilikuwa imekatika. Askari wa zamu na wapishi wawili wa kantini walijikusanya uani kama watu waliokuja kutazama mazingaombwe.

"Ndugu zangu," alianza, na ilionekana ameyasema mara mia, "serikali yenu imeona misitu ya milimani inavyokwisha. Tena tangu mashine za watu binafsi za kukoboa zianze kuota kila kona, pumba zinatupwa na kuchomwa barabarani. Takataka za mwenzako ni nishati yako. Kila nyumba italetewa jiko hili bure, kwa mkono wa serikali."

"Bure kweli?" mpishi mmoja aliuliza. "Au bure ya uchaguzi?"

Watu walicheka. Erasto naye alicheka, akakunja mikono ya shati, akatoa begini chupa ya kijani. Aliisimamisha katikati. Alimimina pumba, akashindilia kwa kiganja kilichozoea, akazungusha jiko robo, akamimina tena. Tu, tu, tu. Hosiana alitazama saa. Ilimchukua dakika ishirini na nane. Chupa ikavutwa ikitoka na mlio mdogo, kijiti kikafuata, na kabla moto haujapelekwa chini Hosiana aliinama kama mtu anayestaajabu, akaweka penseli juu ya tundu. Alama ya ukucha ilikaa sawasawa.

Moto ulishika. Ulipanda tunduni ukiwa na rangi ya buluu, bila moshi, ukivuma taratibu.

"Safi kabisa!" Inspekta Jubilate alisugua mikono. "Koplo Eliya, libebe umpelekee mama. Hapo tu nyuma ya kituo."

"Hapana, afande!" Erasto alimzuia Eliya kwa mkono kifuani. "Halibebwi. Likishawashwa halibebwi hata hatua tano. Ndani panabomoka, moto unazimika, mtajaza moshi mtaa mzima halafu mseme jiko la serikali ni baya. Linashindiliwa palepale litakapowakia. Hilo ndilo somo la kwanza kabisa."

"Rudia, Bwana Erasto," alisema Hosiana.

"Nimesema halibe..."

Macho yake yalishuka mpaka kwenye jalada lililokuwa mkononi mwa Sajenti, limefunguliwa, kamba ikining'inia.

Inspekta Jubilate hakuwa mjinga. Alimtazama Erasto, akalitazama jiko, akaitazama saini yake mwenyewe chini ya karatasi. Furaha ilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni.

"Soma," alisema.

Hosiana akasoma: "'Nilimwona Rut akitoka jikoni amebeba jiko linalowaka, akavuka nalo uwanja, akaingia nalo chumbani kwa marehemu.' Kutoka jikoni mpaka chumba kile ni hatua arobaini, afande. Nimezihesabu. Na majivu yaliyomo yamesimama, tundu halijameguka hata ukucha. Liko chini ya ulinzi, twende ukalione."

"Labda... labda lilikuwa la mkaa," Erasto alisema.

"Majivu ni ya pumba."

"Basi aliingia akalishindilia humo humo ndani."

"Dakika ishirini na nane? Rut amechuchumaa mbele ya baba mkwe wake, naye mkwe ameketi kitandani anamtazama?"

Koplo Eliya, mtoto wa Kyela, alipasuka kicheko kabla hajajizuia. Wapishi walitazamana. Mmoja akasema polepole, "Huyo bwana kweli ni mgeni."

"Tena ulisema ulikuwa unapita njia," Hosiana aliendelea. "Mpita njia anasimama nusu saa kwenye mvua? Hukutaka kuonekana ulikaa muda huo, ndiyo maana ukaufupisha. Katika maelezo yako ukampa mwanamke jiko linalowaka mkononi kwa sababu ndivyo watu wabebavyo jiko la mkaa, na askari aliyeandika hajui jiko lako. Lakini wewe unalijua." Akainua penseli. "Wanawake wa Bujonde hutumia mwanzi. Tundu la chumbani kwa mzee lilitolewa na chupa yenye upana wa hiyo uliyoishika. Nani mwingine anatembea na chupa begini?"

Erasto aliitazama chupa kama kitu alichobandikwa. Hakuiweka chini.

"Mama Veronika anakusalimu," Hosiana alisema. "Na nyumba ya Aliko, Njisi."

Erasto aliketi kwenye ngazi ya kituo, katika tope, na shati lake jeupe.

* * *

Alipewa onyo la kisheria ofisini kwa Inspekta, mlango wazi, Koplo Eliya akiwa shahidi. Alikubali kusema. Hosiana aliandika kwa mkono wake.

Hakukusudia, alisema. Alikwenda kumsihi mzee anyamaze mpaka mgeni aondoke. Nyumba mia nne zinapika bila kukata mti hata mmoja. Angeandika ukweli wa Njisi, wizara ingefunga mradi mzima kwa ajili ya watoto wawili.

"Na wewe ungekwenda wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kusoma Ulaya."

Kalamu ya Hosiana iliandika hilo pia.

Mzee alikataa. Ndipo Erasto akamwambia: nitakuthibitishia hapa hapa kwamba halina madhara, tutakaa nalo wote wawili. Mzee akakubali, maana alikuwa mtu wa kupenda kuona mwenyewe. Pumba zilikuwa stoo. Giza lilikuwa limeingia chumbani.

"Alinishikia koroboi," Erasto alisema, "nione ninavyoshindilia."

Kisha akamwambia mzee anatoka kujisaidia. Akafunga mlango. Gunia lilikuwa barazani.

"Ukaondoka?"

"Mvua ilikuwa kubwa. Nilikaa chini ya banda la kuanikia kakao. Kama saa moja hivi."

"Ulisikia nini?"

Erasto aligeukia dirisha. Inspekta alitaka kumrukia, Hosiana akamzuia kwa kuinua kidole.

"Bwana Erasto. Ulisikia nini?"

"Alikohoa. Nadhani miguu ilikuwa haimbebi tena. Alikuwa akiita." Alikitazama kiganja chake. "Aliita, 'Rut.' Mara tatu nne. 'Rut, njoo. Rut, ingia.' Mimi nilifikiri yule mwanamke angesikia. Nilikuwa tayari kukimbia. Hakuja mtu."

Koplo Eliya aliangalia sakafu. Hosiana aliandika maneno yale kama yalivyosemwa, akamsomea, akampa kalamu. Erasto alitia saini kila ukurasa, kwa mwandiko mzuri.

Saa kumi kamili Landrova liliondoka kwenda Mbeya kama lilivyopangwa, na mtu mmoja nyuma.

Rut alitolewa selo na kurudishiwa kandambili zake. Alisaini kitabu, akajifunga khanga upya ili maziwa yasionekane, na Inspekta Jubilate, aliyekuwa ameshika funguo mwenyewe, akasema neno ambalo huenda lilikuwa samahani. Rut hakulisikia. Alikuwa akimtazama Hosiana.

"Ndaga fijo, dada," alimshukuru.

"Nenda kwa mtoto. Koplo Eliya atakupeleka kwa pikipiki."

Rut alipiga hatua mbili, akarudi. Alikuwa akipinda ncha ya khanga kidoleni.

"Nimekaa humo siku tatu najiuliza. Mimi nilikuwa hapo hapo, ukuta wa pili. Mkwe... aliteseka? Hakuita mtu?"

Maelezo ya Erasto yalikuwa kwenye jalada, jalada lilikuwa kwapani mwa Hosiana, na siku moja wakili angeyasoma kwa sauti mbele ya mahakama nzima. Lakini hiyo ilikuwa siku nyingine, na huko Bujonde kulikuwa na mtoto hajanyonya tangu Alhamisi.

"Alilala tu," Hosiana alisema. "Hakuita mtu."